Kesi yangu wanataka kuiunganisha na ya shirika, si nitamezwa?

SWALI: Dada wakili habari za kazi. Nilifungua kesi mahakama ya kimataifa ya haki za binadamu, peke yangu, sina shirika wala nini. Juzi nimepata imeili ya msajili kwamba kuna shirika nalo limeishtaki nchi hiyohiyo kwa sheria hiyohiyo na mahakama inafikiria kuziunganisha. Wenzangu wana mawakili wanne, mimi niko na faili langu tu. Naweza kukataa? Na fidia ndo tutagawana?

JIBU: Kaka, fidia hamgawani. Nimeanza na hilo maana najua ndo linakukosesha usingizi.

Hali yako hii alishapitia Mchungaji Christopher Mtikila na Tanzania, pale Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Juni 2011 Chama cha Mawakili Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu walipeleka ombi namba 009/2011 kuhusu mgombea binafsi, alafu mwezi huohuo Mtikila akapeleka la kwake, 011/2011, ishu ileile ya katiba kukataza mtu asiye na chama kugombea. Kwa kuwa hoja zilikuwa zilezile, Mahakama ikayaunganisha, na tarehe 14 Juni 2013 ikatoka hukumu moja iliyosema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Sasa angalia namba, kila ombi lilibaki na namba yake. Mtikila alipodai fidia mwaka uliofuata uamuzi ulitoka kwa jina lake na namba yake, hakugawana na mtu. Ila hakupata hela. Hasara aliyodai haikuwa na ushahidi wa kutosha, na maumivu ya moyo mahakama ikasema hukumu yenyewe inamtosha. Kwa hiyo kaka wewe usihangaike na wale mawakili wanne, hangaika na risiti zako.

Kukataa unaweza kwa maana ya kutoa maoni, kura ya turufu huna. Arusha kanuni zinairuhusu mahakama kuunganisha kesi katika hatua yoyote, iwe imeombwa au imejiamulia yenyewe, na kutenganisha pia inaweza. Ile ya nchi za Amerika kule San José inataka wahusika, jambo lenyewe na sheria inayotumika viwe vimoja. Ya Ulaya, Strasbourg, wana na njia ya katikati ambayo mimi naipenda: rais wa chemba (jopo la majaji) anaweza kuagiza kesi ziende sambamba bila kwanza kuamua kama zitaunganishwa. Hiyo unaweza kuipendekeza kwenye jibu lako kwa msajili, haikugharimu kitu.

Ila kuna sehemu woga wako una mashiko. Faili lako likiwa na kitu ambacho la wenzako halina, kiandike kwa herufi kubwa kabisa, usitegemee jaji atakichimbua mwenyewe. Mfano mzuri ni Trinidad na Tobago, mahakama ya San José iliunganisha kesi tatu zenye watu 32 waliohukumiwa kifo chini ya sheria moja iliyomlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo tu, hukumu ikatoka 2002. Sheria ilikuwa moja kwa wote, lakini mmoja wao alikuwa ameshanyongwa 1999 wakati mahakama imeagiza asiguswe, na huyo hakupotea ndani ya wale 32, alipata uamuzi wake pekee na familia yake ikaamriwa ilipwe.

Upande wa pili upo vilevile na siufichi. Mwaka 2017 Strasbourg iliunganisha maombi zaidi ya 12,000 dhidi ya Ukraine, watu waliokuwa wameshinda kesi nyumbani ila hawalipwi, ikayafuta yote kwenye orodha na kuyapeleka kwa Kamati ya Mawaziri inayosimamia utekelezaji, kwa hoja kwamba tatizo lilishaamuliwa kwenye hukumu ya nyuma. Mimi binafsi ile sikuipenda hata kidogo, na baadhi ya majaji wenyewe hawakukubaliana nayo. Lakini wewe uko na kesi mbili sio elfu kumi na mbili.

SWALI: Na kama kesi yangu ina kasoro, nikiunganishwa na ya shirika si itanibeba?

JIBU: Hapana hapana. Kila ombi linapimwa kivyake: ulimaliza njia za mahakama za nyumbani au hukumaliza, ulikuja ndani ya muda unaofaa au ulichelewa, na kwa Arusha nchi ilikuwa imekubali watu binafsi waishtaki moja kwa moja siku ulipofungua au la. Tanzania kwa mfano iliondoa kibali hicho, na kuondoa kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020, kesi za kabla ya hapo zikaendelea. Wewe ukileta lako baada ya hapo hata uliunganishe na la 2019 tarehe yako haibadiliki. Pia wenzako wakianguka kwenye pingamizi za awali, mfano shirika halina hadhi ya mwangalizi kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, wewe hauanguki nao, unabaki na faili lako. Nitumie hiyo imeili ya msajili niione, hasa tarehe ya mwisho ya kujibu.