Barua kwa mwanangu: si kila "sitaki" ni deko

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu na kwa mjukuu wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako. Umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini wewe, mtu mzima mwenye nyumba yako, mpaka leo ukisikia harufu ya maini yakikaangwa unatoka jikoni, na kama mwanao wa miaka 3, anayesukuma sahani kila akiona kitu cha kijani, kweli amedekezwa kama anavyosema baba yake, na alazimishwe au aachwe.

Jibu fupi ni kwamba hajadekezwa, na asilazimishwe. Maelezo yake ndiyo marefu, kwa hiyo kaa vizuri.

Unajua nimemalizia umri wangu wa kazi kwenye jiko kubwa, nikipikia watu wengi ambao hawakuulizwa wanataka kula nini. Shule yangu kuu ilikuwa dirisha la kurudishia sahani, maana sahani inayorudi haina adabu ya uongo. Kuna aliyechambua vitunguu kimoja kimoja akavipanga ukingoni mwa sahani kama shanga, asisahau hata kipande. Kuna aliyezika bamia chini ya wali akalainisha juu kwa kijiko. Na kuna yule wa maini: anatafuna, anatafuna, pande linazidi kukauka na kugeuka chengachenga mdomoni, analihamishia shavu la pili, mwisho analitemea kiganjani akidhani simwoni. Huyo hana kiburi. Mwenye kiburi haangaiki hivyo, angesema tu hataki.

Wahenga walisema kipendacho roho hula nyama mbichi, wakatuachia sisi kazi ya kujua kile roho isichokipenda kifanywe nini.

La kwanza, watu wawili wakila sahani moja si lazima wawe wanaonja kitu kimoja. Mwanakemia wa Kimarekani, Arthur Fox, alikuwa maabara ya kampuni ya DuPont akihamisha unga wa kemikali iitwayo kwa kifupi PTC, vumbi likaruka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba mdomo umemjaa uchungu. Fox hakuonja chochote, na yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na unga. Wakabishana, wakaonja tena, wakawaonjesha na wengine: kuna walioona uchungu mkali, kuna walioona kama wamelamba vumbi tu. Habari hiyo ilitoka mwaka 1931, na mwaka 2003 watafiti wakaitambua jeni inayohusika zaidi, TAS2R38, inayotengeneza kipokezi kimojawapo cha uchungu kwenye ulimi. Sasa sikiliza: kabichi, brokoli na jamaa zao wote wana kemikali za ukoo huohuo. Kwa hiyo mkwe wangu anapotafuna brokoli na kusema "mbona tamu?", huenda kwake ni tamu kweli, na kwa mtoto ni chungu kweli, na hakuna anayedanganya mezani.

Majani ya giligilani nayo ni hivyohivyo. Yana kemikali za jamii ya aldehidi, na nyingine za jamii hiyo zimo kwenye sabuni na kwenye harufu ya wadudu fulani. Utafiti wa mwaka 2012 ulihusisha malalamiko ya "haya majani yana ladha ya sabuni" na eneo la jeni lenye OR6A2, ambayo ni kipokezi cha pua. Ukimkuta mgeni anayatoa kwenye mchuzi kwa ncha ya uma, usimwangalie vibaya. Wewe ungekula sabuni?

Na usidhani cheo humponya mtu. George H. W. Bush, akiwa rais wa Marekani, alitangaza mwaka 1990 kwamba mama yake alimlazimisha kula brokoli tangu mdogo, na kwa kuwa sasa ni rais hali tena. Wakulima wakampelekea shehena ya brokoli. Hakuzila. Mtu ameendesha shirika la ujasusi, amekuwa makamu wa rais miaka minane, na bado mboga ya utotoni haijamtoka kooni. Mwambie mkwe wangu hilo anapotaja kulazimisha.

Sasa tuje kwenye maini yako. Hukumbuki vizuri, mimi nakumbuka. Ulikuwa darasa la pili. Ulirudi shuleni ukishika tumbo, jioni tukala maini, usiku ukatapika mpaka kulipokucha. Nyumba nzima tulikula sufuria ileile na hakuna mwingine aliyeugua. Tumbo lilikuwa limeshaharibika tangu mchana. Maini yalisingiziwa tu. Lakini mwili hausubiri ushahidi. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake waliwapa panya maji yaliyotiwa utamu wa sakarini, wakawapiga mionzi inayoleta kichefuchefu. Panya wakayakwepa maji matamu, ingawa maji hayakuwa na kosa lolote. Majaribio yaliyofuata yalionyesha jambo lililowashangaza wataalamu wa siku zile: mara moja inatosha, na hata zikipita saa kadhaa kati ya kula na kuugua, mwili bado unakikamata chakula na kukitia hatiani. Mnyama porini asiyejifunza hivyo angekufa kwa sumu ya pili.

Ndiyo maana hata nikikuapia leo kwamba maini yale yalikuwa safi, kesho ukiyanusa koo litafunga vilevile. Akili inaelewa, tumbo halina habari. Imeonekana pia kwa watoto wanaotibiwa saratani: mwaka 1978 mtafiti Ilene Bernstein aliwapa baadhi yao aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya dawa zinazotapisha, na baadaye wengi wao wakaikataa. Aiskrimu, mwanangu! Kama mtoto anaweza kuichukia aiskrimu, maini yana nafasi gani?

Kuna na kinyaa, ambacho hakina ugomvi na ladha hata kidogo. Ukiutoa unywele kwenye supu, supu inabaki ilivyokuwa, ila hamu imeshaondoka. Paul Rozin na wenzake walilipima hilo mwaka 1986: walichovya mende aliyekufa, aliyesafishwa vijidudu vyote, kwenye glasi ya juisi, wakamtoa. Watu walijua juisi haina madhara, na bado hawakuitaka. Kinyaa ndicho kinachomfanya mtu aape kwamba kitu ni kibaya na hajawahi kukionja. Kwenye dirisha langu sahani hizo nilizitambua haraka: chakula hakijaguswa kabisa, hata alama ya kijiko hakuna. Wa ulimi huonja kwanza ndipo aache.

Mjukuu wangu simweki sana katika hayo. Yeye yuko kwenye umri wake. Tangu miaka 2 hivi hadi 6 watoto wengi huingia kipindi cha kuogopa chakula wasichokijua, na hata walichokuwa wakila juzi hukigomea leo. Nadhani ni ulinzi: mtoto ameanza kutembea mwenyewe, anaokota vitu, na uchungu kwenye mimea mara nyingi ni dalili ya sumu. Bora achague.

Dawa yake ni kukizoea chakula, na kuzoea kunachukua muda mrefu kuliko subira ya wazazi wengi. Leann Birch, aliyetumia maisha yake kuchunguza ulaji wa watoto, alionyesha kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara 8 hadi 15 ndipo akikubali. Wengi mnakata tamaa mara ya tatu, mnatangaza mbele yake "huyu hali mboga", na yeye anaisikia kama jina lake la pili. Weka kipande kimoja kidogo, ukubwa wa kucha, pembeni ya anachokipenda. Kula wewe, usiseme neno. Akikilamba na kukitema, hiyo imehesabiwa.

Na acheni ile biashara ya "maliza mboga nikupe keki". Mwaka 1984 Birch na wenzake waliwapa watoto zawadi kwa kunywa kinywaji fulani, na wakakipenda kidogo kuliko mwanzo. Mtoto anapiga hesabu zake vizuri tu: kitu kizuri kingehitaji hongo ya nini? Kubembeleza kwa mkazo nako kuna matokeo yake. Kwenye jaribio la mwaka 2006 watoto walioshinikizwa kumaliza supu walikula kidogo na kuisema vibaya zaidi kuliko walioachwa.

Kabla hujamlaumu mtoto, chungulia sufuria. Kabichi na brokoli zikichemka kupita kiasi hutoa harufu ya salfa, ile inayojaa nyumba nzima. Zipike upesi, zibaki na ugumu kidogo wa kutafuna. Bamia ukizikata zikiwa na maji na kuzifunika, zinavuta. Zifute zikauke, moto mkali, usifunike, usikoroge mno, limau mwishoni. Maini yakipita moto yanakuwa chaki, na wapishi wengi huyapitisha kwa hofu. Nakuapia nusu ya sahani zilizorudi kwangu zilikuwa na neno kwa mpishi kuliko kwa mlaji.

Ukijaliwa mimba nyingine, kumbuka kwamba ladha za unachokula humfikia mtoto tumboni, na baadaye kwenye maziwa yako. Julie Mennella na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha walikunja uso mara chache walipopewa uji wenye karoti. Ni msaada mdogo, si kinga. Mama yako alikula maini wiki nzima akiwa na wewe.

Ila kuna "sitaki" ambayo sitaki uichukulie kwa upole wangu huu. Akisema chakula kinamwasha mdomoni, midomo ikivimba, akatoka vipele au akapumua kwa shida, huo ni mzio: chakula hicho kikome hapohapo na aende hospitali, hakuna cha kumzoesha. Maziwa yakimjaza gesi na kumharisha, huenda mwili wake haumeng'enyi sukari ya maziwa, hali waliyonayo takriban theluthi mbili ya watu duniani wakishakua. Na kama vyakula anavyovikubali vinazidi kupungua mpaka vinabaki vichache sana, uzito unashuka, au anakabwa na hofu ya kupaliwa, hilo lina jina la kitabibu, ARFID, lililoingizwa rasmi mwaka 2013 kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Halitibiwi kwa fimbo wala kwa keki. Kwa ulivyonieleza, ananenepa, anacheza, anakula matunda, mayai na maharage. Huyo hayuko huko.

Wewe mwenyewe huna haja ya kujitibu maini. Chuma na vitamini zilizomo utazipata penginepo. Mezani kwa watu sema "ahsante, hayo nayaacha", chukua kingine, usitoe historia ya tumbo lako wakati wenzako wanakula. Wakikuuliza sababu, sema hayakupatani, inatosha.

Na mkwe wangu mwambie, kwa heshima zote, kwamba alipokuja kwetu mara ya kwanza nilimwona anavyousogeza uyoga kila alipochota, akajaza wali mara mbili ili asionekane. Hakuna aliyemuuliza nani alimdekeza.

Mama yako anasema bamia asubuhi si saa yake, mpeni mtoto mchana akiwa na njaa.

Baba yako