Inchi 2 za theluji na barabara zenye barafu: kwa mkuu aliyehamia Minneapolis

Mkuu, umeuliza kama inchi 2 za theluji zinazotabiriwa kesho zitakuzuia kuvuka mto kwenda zamu ya asubuhi Burnsville, mji ulio kusini mwa Minneapolis, na hii ndiyo baridi yako ya kwanza tangu utoke Dar. Inchi 2 hapa si kitu. Wenyeji bado wanasimulia Halloween ya 1991, ilipomwagika zaidi ya inchi 28. Kwenye utabiri uliobandika, mimi kilichonishtua ni kile ulichokiruka: mvua jioni kwa nyuzi 34 za Fahrenheit (maji huganda kwa 32), kisha nyuzi 19 alfajiri.

Hapo ndipo penye mtego. Mvua inalowesha lami na kuosha chumvi yoyote ya kuyeyusha barafu iliyomwagwa mchana. Usiku nyuzi zikishuka chini ya 32, yale maji yanaganda, halafu theluji inakuja kulala juu yake. Asubuhi utaona unga mweupe tu na kudhani mambo shwari. Mimi nasambaza vifurushi huku, na siku hizo za mvua kwanza theluji baadaye ndizo naona magari mengi mtaroni, kuliko siku za theluji nzito.

Kwa hiyo achana na inchi, soma nyuzi. Ingia weather.gov, weka mji wako, fungua grafu ya saa kwa saa, utazame ni saa ngapi mstari unavuka 32 na kama mvua bado inanyesha. Zikishuka chini ya 15 hivi, chumvi nayo inaishiwa nguvu, ndiyo maana utaona wanamwaga mchanga. Na kwenye baridi ya chini ya sifuri (Fahrenheit hiyo, aisee!) makutano yanaweza kuteleza hata anga likiwa jeupe, kwa sababu mvuke wa eksozi za magari yanayosubiri taa unaganda palepale kwenye lami.

Njiani, zima redio. Lami iliyolowa ina sauti chini ya tairi, na gari la mbele linarusha maji. Sauti ikikatika ghafla na barabara bado inang'aa, ujue uko juu ya barafu. Daraja la barabara kuu ya 35W pale mto Minnesota litaganda kabla ya barabara yenyewe, maana baridi inalipiga juu na chini. Punguza mwendo kabla hujalipanda, ukiwa juu usiguse breki. Gari likianza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta, geuza usukani taratibu kuelekea unakotaka kwenda. Ukilazimika kufunga breki na pedali ikatetemeka mguuni, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi. Kandamiza, usipampu.

Maegesho ni habari nyingine: jiji likitangaza dharura ya theluji, gari linavutwa bila huruma, kwa hiyo angalia tangazo kabla ya kulala.

Ningekuwa wewe, ningempigia msimamizi leo hii niombe kuingia saa nne badala ya saa kumi na mbili. Kufikia hapo magari ya chumvi yatakuwa yamepita, na kwa nyuzi 19 chumvi bado inayeyusha. Akikataa, tazama kamera za barabarani kwenye tovuti ya 511mn.org kabla hujawasha gari, na uondoke mapema sana.