Hajamaliza, msubiri: nilivyohangaika na wanangu na mjomba wao asiyesema

Dada mleta uzi, umegusa jambo nililolala nalo na kuamka nalo miaka minne sasa. Kwa atakayeingia hapa bila kusoma juu: dada ana mtoto wa miaka 5. Shangazi wa huyo mtoto, mwenye mtindio wa ubongo na asiyesema, amehamia kwao. Mtoto anaigiza sauti zake, anamcheka, na akiambiwa amsikilize anatoka mbio. Dada amekanya, amekaripia, amechapa. Sasa anauliza subira inafundishwaje.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, naishi na kaka yangu. Alizaliwa 1986. Mama alikuwa akitusimulia kwamba siku ya tatu mtoto aligeuka wa njano mpaka machoni, wakaambiwa wamwanike jua la asubuhi, wakamwanika, na jua halikutosha. Ile njano ikizidi kwa kichanga huweza kufika kwenye ubongo na kuharibu sehemu inayoongoza misuli, huku akili ikibaki nzima. Kwake ndivyo ilivyokuwa. Hatembei, hasemi, mikono haimtii. Lakini anasikia hata ninachonong'ona jikoni, na madeni ya wateja wangu anayakumbuka kunishinda. Mama alipofariki akahamia kwangu. Wanangu walikuwa na miaka 3 na 6. Wao wanamwita Mjomba, na mimi hapa nitamwita hivyohivyo.

Nianze na kosa langu, maana ni lilelile lako. Mkubwa wangu alimwigiza Mjomba mbele ya wenzake, akapinda mdomo na kutoa ile sauti. Nilimchapa. Hakumwigiza tena, kweli. Ila hakumkaribia tena pia. Akipita sebuleni alikuwa anaambaa na ukuta kama mtu anayempita mbwa. Kwake yeye, Mjomba alikuwa kile kitu kinacholeta fimbo. Nilichukua miezi kulirekebisha hilo, kwa hiyo kama umechapa mara moja, iwe hiyohiyo.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu sikulijua. Siku moja niko kwenye cherehani, nikasikia mdogo anamwambia Mjomba: "Haya haya, sema basi, nina kazi mie." Mtoto wa miaka 4, kazi gani? Ilikuwa sauti yangu. Maneno yangu, na hata ule mkono kiunoni ulikuwa wangu. Kila asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya yule mtu na futi ya kupimia shingoni, nauliza chai au uji, na kabla hajajibu nimeshamimina chai. Nikawa nadai watoto wawe na subira ambayo hawajawahi kuiona ndani ya nyumba ile.

Na wageni ndiyo usiseme. Anaingia jirani, anasimama mbele ya Mjomba, ananiuliza mimi: "Huyu anakula nini?" Mwingine anampigia kelele kama yuko ng'ambo ya mto, na masikio ya Mjomba hayana tatizo lolote. Watoto wanaona yote hayo. Sasa hivi mtu akiniuliza habari za Mjomba mbele yake, namwambia muulize mwenyewe, yupo. Wengine wananuna. Wanune.

Sasa tulifanya nini. Kwanza niliwaeleza watoto kwa maneno yasiyozidi mawili matatu: Mjomba anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, mwili wake ndio haumtii. Si laana, haiambukizi, na hakuna aliyemkosea Mungu. Mdogo akauliza, "Akiota, anaota anaongea?" Nikamwambia nenda kamuulize. Akaenda. Mjomba kwa "ndiyo" hutazama juu, kwa "hapana" hufumba macho akayabana. Alitazama juu. Mtoto akarudi kunipa taarifa kama aliyetumwa sokoni akapata.

Kuhusu kwa nini anachelewa, maneno hayakutosha. Nilimkalisha mkubwa, nikampa sindano na uzi atunge, halafu nikaanza kupiga makofi karibu na sikio lake: haraka, haraka, haraka, bado tu? Mkono ukatetemeka, uzi ukapita pembeni mara tano, akataka kulia. Nikanyamaza. Akatunga. Nikamwambia hivyo ndivyo shingo ya Mjomba inavyokuwa ukimharakisha, ila yeye mwili mzima. Ni kweli kabisa: wenye hali kama yake wakibanwa au wakipaniki misuli inakakamaa zaidi, kwa hiyo ukitaka jibu la haraka, tulia. Mkubwa alilishika hilo siku hiyohiyo. Mdogo hakulishika, alikuwa mdogo mno.

Halafu nikaharibu tena. Nilisoma mahali kwamba ukishauliza, hesabu mpaka 10 kabla hujauliza tena. Nikawafundisha watoto. Wakawa wanahesabu kwa sauti, usoni kwa Mjomba: moja, mbili, tatu... kama refa anayemhesabia bondia aliyelala. Maskini akakakamaa kuliko zamani. Tukabadilisha: hesabu kimoyomoyo, kwa vidole vya miguu. Hiyo imekubali mpaka leo. Mtoto anapata kitu cha kufanya na mwili wake, na Mjomba haoni wala hasikii kitu. Kwangu mimi hapo ndipo siri ilipo, kama ipo. Kumwambia mtoto "kuwa na subira" ni sawa na kumwambia "kuwa mrefu". Mpe kazi ya kufanya wakati anasubiri.

Kazi kubwa zaidi ni ubao. Nilichukua kipande cha katoni ngumu, nikaandika konsonanti kwa safu nne, na chini yake irabu tano, A E I O U, kubwa. Nikafunika na nailoni kwa ajili ya udenda. Ubao wa herufi mojamoja unachosha, lakini Kiswahili kimetubeba, kwa sababu maneno yetu karibu yote ni silabi zinazoishia na irabu. Unateremsha kidole safu kwa safu, Mjomba anatazama juu ukifika penyewe. Unapita herufi za safu hiyo, anatazama juu. Unapita irabu, anatazama juu. Umepata silabi. Akiwa ametulia ni kama nusu dakika. Mdogo alipoanza darasa la awali na nyimbo zao za ba be bi bo bu, alikuta ndiyo mambo ya nyumbani kwao. Kusoma alijifunzia kwenye ubao wa Mjomba, na Mjomba alikuwa mwalimu mkali, kidole kikipita herufi anabana macho.

Tabu ikawa kubahatisha. Mtoto akipata silabi ya kwanza tu anamalizia neno mwenyewe. Na hapa niwape kisa cha kuku.

Ilikuwa wiki ya harusi, nina sare kumi na nne za akina mama wa kamati, sijainua kichwa tangu alfajiri. Mdogo, ana miaka 5, yuko na ubao. Namsikia: "KU... Kula? Kulala? Kunywa? Mamaaa, Mjomba anataka kujisaidia!" Nikaacha mshono katikati, nikakimbia, nikaanza kumgeuza kiti. Mjomba amebana macho mpaka mishipa ya shingo imetoka. Hapana. Nikamuuliza unaumwa? Hapana. Kuna nzi? Hapana. Mimi nimeshaanza kutokwa jasho, ndipo yule mkubwa akaja, akauokota ubao chini, akakaa kwenye kigoda, akaanza upya polepole. KU. Akaendelea. Safu ya kwanza, ya pili, macho yakaenda juu. K. Irabu. U. KU-KU. Tukageuka wote kuangalia uani. Kuku watatu wa jirani walikuwa juu ya ungo wangu wa mchele niliokwisha uchagua, na nusu wameshamaliza.

Mjomba alicheka mpaka kiti kikatikisika. Tangu siku hiyo mdogo hathubutu kumalizia neno linaloanza na KU. Na ukifikiri vizuri, kwa Kiswahili ukishasikia KU hujasikia kitu bado. Akitokea mtu wa kubahatisha, watoto wote wawili wanamwambia: "Kuku!" Limekuwa neno la nyumbani kwetu la kumkatiza mtu mwenye papara. Hata baba yao wanamwambia.

Jambo jingine, na hili dada ulishike kuliko mengine ukiweza. Mtoto hamsubiri mtu ambaye hana cha kumpa. Sisi wakubwa tunasubiri kwa adabu, wao bado. Mjomba alikuwa wa kuhudumiwa tu, kufutwa, kulishwa, kusogezwa, na mtoto akaona ni mzigo unaomkatizia mchezo wake. Nikampa madaraka. Nyumbani kwetu ukoko wa wali ni vita. Nikatangaza kuanzia leo mwenye ukoko ni Mjomba, yule ambaye Mjomba atamtazama ndiye atakula. Nyie, mngeona watoto walivyokaa kwenye mkeka kimya, wamemkazia macho usoni, hawapepesi. Dakika nzima! Na Mjomba naye mjanja, anajichelewesha makusudi, anazungusha macho mpaka darini, anarudi, anawakaribia, anayaondoa. Mimi nasonya wao wanacheka. Bila kujua wakajifunza kumsoma uso: hili ni jicho la utani, hili la maumivu, hili la kiu. Baadaye akawa refa wa michezo yao yote. Na ni shabiki wa kufa mtu wa Coastal Union, timu yetu ya mpira ya hapa Tanga, kwa hiyo mchezo ukiwa na aliyevaa rangi zao, nyekundu na nyeupe, hukumu zake zina walakini.

Umri pia uangalie. Mtoto wa miaka 3 hasubiri, usimlaumu. Mpe swali la ndiyo au hapana, apate jibu, aende zake. Wa 5 anataka mchezo. Tatizo jipya linakuja kwenye 8 au 9, nalo ni aibu. Mkubwa wangu alianza kufunga mlango wa sebule wenzake wakija. Mmoja alishasema "zezeta" getini, mwanangu akasikia. Sikumhutubia. Nilimsimulia habari za Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza aliyepoteza sauti 1985, ambaye miaka yake ya mwisho alikuwa anachagua maneno kwenye kompyuta kwa kutikisa msuli wa shavu. Alinisikiliza kidogo, akaondoka. Kilichosaidia zaidi ni Mjomba kumshinda yule rafiki kwenye drafti, kwa macho, mara tatu.

Nikanye jambo moja: Mjomba si kifaa cha kufundishia watoto tabia njema. Anachoka, ana siku zake mbaya, ana haki ya kubana macho na kukataa mchezo. Muulize shangazi kwanza kabla hujamletea watoto. Nami nilisahau hilo miezi ya mwanzo, akanigomea wiki nzima.

Kuna waliochangia juu kuhusu kiziwi na mzee wa kiharusi, naona wanachanganya. Kiziwi anayetumia lugha ya alama ana lugha kamili, hapungukiwi na neno. Wa kujifunza ni sisi. Katiba ya Kenya ya 2010 imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na Uganda Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia bungeni tangu 1996. Hapo mtoto umfundishe alama, na umfundishe kutazama, maana ukigeuza uso umemkatiza. Na jina "bubu" muache kulitumia, viziwi wenyewe hawalitaki. Kiharusi nacho ni kingine: kinaweza kugusa hata kuelewa, mzee akasema ndiyo kumbe ni hapana. Baba yetu alikuwa hawezi kuomba maji lakini ukianzisha kaswida anaimba beti nzima. Wajukuu walimpenda kwa hilo, wakawa wanasubiri kwa kuimba.

Kuhusu muda, usitarajie wiki. Kwangu ule wa kuambaa ukuta ulichukua karibu miezi mitano.

Ukitengeneza ubao, andika herufi ziwe nene kama kidole gumba, acha nafasi kati yake ili ujue macho yameenda wapi. CH, SH, NY na NG' ziwe na vyumba vyao. Q na X usihangaike nazo. Tarakimu weka pembeni, utazihitaji siku za mechi. Na chini kabisa acha mstari mtupu wa maneno mazima atakayoyataka shangazi mwenyewe, umuulize yeye, usimchagulie. Mimi nilidhani Mjomba atataka MAJI, CHOO, NAUMWA. La kwanza alilotaka liandikwe ni NYAMAZENI, na limefutika mara mbili kwa kuguswa, nimeliandika upya juzi kwa kalamu ya rangi isiyofutika.