Baba yangu hakuwa na wikendi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Klabu za baiskeli za wikendi, je, ni mchezo wa wenye pesa tu?" Swali nimelisoma nikiwa kibandani, mteja yuko mbele yangu anataka kutoa pesa kwenye simu, nikamwambia angoje kidogo. Jibu langu ni ndiyo. Ningeishia hapo mngeokoa nafasi ya ukurasa. Lakini mimi ni mtoto wa mwendesha baiskeli wa Busia, na naona siku hizi hilo jina la "mwendesha baiskeli" limehama, limekwenda kukaa kwa watu wengine bila sisi kuulizwa.

Boda boda imetoka wapi hamhitaji niwaeleze. Ilitoka huku kwetu, Busia na Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, tangu miaka ya 1960 na 1970, wakati hakuna hata aliyeota kwamba ingekuja kuwa pikipiki. Ilikuwa baiskeli nyeusi, keria imeshonewa mto wa sponji, kijana anaita "boda, boda!" na wewe na mzigo wako mnavushwa mpaka. Baba aliingia kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Black Mamba yake, ile nzito yenye breki za vyuma. Alibeba watu, sukari, sabuni, magunia ya mahindi. Mara moja alibeba jeneza tupu la mtoto, akakaa siku mbili bila kusema na mtu. Usiku mama alimkanda vigimbi kwa maji ya moto yenye chumvi, na sisi tulijua biashara ya siku hiyo ilikuwaje kwa jinsi alivyoguna. Jumapili baiskeli hakuigusa. Hata ukimtuma chumvi dukani Jumapili, alikwenda kwa miguu.

Sasa mtu kama huyo ungemwelezaje kwamba wako watu wanaoamka Jumapili alfajiri, wanavaa kaptura za kubana, wanaendesha mpaka ziwani ambako hawana shughuli yoyote, halafu wanageuza na kurudi? Na kwamba wamelipa pesa zao ili wachoke hivyo?

Hayo ndiyo niliyoyabeba moyoni Jumamosi ile nilipokwenda dukani kwa fundi. Kijana wangu yuko S.3, yaani sekondari mwaka wa tatu. Tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika, mtoto hakai. Ile siku ya mwisho ya wanaume aliitazama kwenye simu yangu, kilomita 267 na nusu, na bando langu likakata hata kabla Pogačar, yule Mslovenia, hajafika kushinda. Nikamwambia hayo ni mambo ya Wazungu. Akanijibu, "Mama, Kigali si Ulaya. Kigali mtu anapanda basi." Baadaye akasema kuna klabu hapa hapa mjini, wanakutana dukani kwa fundi kila Jumamosi, Jumapili wanatoka. Nikasema twende wote. Nia yangu ilikuwa kumkatalia mbele ya hao wakubwa wake ili yaishe.

Duka silitaji jina. Wa Busia mtalijua kwa matairi makuukuu yaliyoning'inia juu ya mlango. Ndani ni pembamba. Ukutani mkono wa kushoto zimetundikwa baiskeli za klabu, nyingi ni za mtumba kutoka Ulaya, nyepesi hata mimi niliinua moja kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia, chini, zimelazana za watu wa kazi: Hero, Phoenix, Roadmaster, moja ina fremu iliyochomelewa mara tatu kwa ajili ya kubeba majerikeni. Katikati kuna benchi, na benchini wamekaa wana klabu, wengine wamevuka kutoka Busia ya Kenya, wanakunywa chai na chapati na kuzungumzia gia kana kwamba ni siasa. Nikapewa nafasi. "Karibu mama, kaa." Nikakaa kwa uso wa mtu asiyekaa sana.

Basi akaingia mchuuzi wa samaki. Alikuwa ametoka nao Majanji, kule Ziwa Victoria, usiku, ngege na mputa kwenye kapu kubwa lililofunikwa gunia bichi, na karibu kabisa na mji akamkwepa mbuzi akaingia shimoni. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda kama nane. Amelisukuma hivyo hivyo, limekwangua fremu njia nzima mpaka rangi imetoka. Wakati huo fundi alikuwa na baiskeli ya bwana mmoja wa klabu mkononi, mfanyakazi wa benki, ameifungua gia zote ziko kwenye sahani yenye mafuta ya taa. Akaziacha. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akapindua baiskeli ya samaki ikasimama kwa kiti na usukani, akaanza kuhesabu.

Bwana wa benki akasema, "Fundi, mimi nimefika hapa saa mbili."

"Najua kaka. Samaki hawangoji."

Spoki 7 zilikuwa zimekatika, zote za upande wa cheni. Kumbe gurudumu la nyuma la baiskeli hizi lina spoki 40, la mbele 32. Mimi nimekulia juu ya keria na sikuwahi kuhesabu. Na kwa kuwa zilikatika upande wa cheni, lazima friwili, ile gia ya nyuma inayoshika cheni, itoke kwanza ndipo spoki mpya zipate njia kwenye habu, kitovu cha gurudumu, na friwili ile ilikuwa imeshikana kwa kutu na matope ya miaka. Watu wawili walishika rimu, wa tatu akavuta spana. Bwana wa benki ndiye aliyekuwa mmoja wa walioshika. Alishika vibaya, ikamponyoka, akachanika kiganja kidogo, akakifuta kwenye kaptura yake ile ya bei, akashika tena.

Spoki zilipoingia fundi alimwita kijana wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kama mwizi. Akampa kipande cha chaki. Akamwambia aegemeze mkono kwenye fremu, chaki iwe karibu na rimu bila kuigusa, kisha gurudumu lizungushwe. Palipopakwa chaki ndipo rimu imetoka nje. Hapo unalegeza spoki za upande huo, unakaza za upande wa pili, robo mzunguko. "Robo," alisema fundi, "ukitia nusu umetibu hapa umevunja kule." Zungusha, paka, legeza, kaza. Zungusha. Mtoto ambaye kwangu hawezi kumaliza kuosha sufuria moja bila kwenda kuangalia kitu nje, aliinama pale saa nzima na zaidi. Kila baada ya muda fundi alizigonga spoki kwa ukucha, moja moja, akisikiliza. Iliyolegea inatoa sauti nzito, iliyokaza inalia juu. Akimwonyesha mtoto kwa kidevu tu: hiyo. Sasa hiyo. Mwisho gurudumu likazunguka, na chaki ikapaka mstari mwembamba unaozunguka rimu nzima bila kukatika, wote benchini wakaacha gia zao wakatazama.

Nimerefusha, najua. Ila kuna la malipo.

Nilitegemea fundi amsamehe yule mchuuzi. Hakumsamehe hata mia. Spoki 7, grisi, kazi, akataja bei yake. Mchuuzi akapapasa mifuko, nusu ilikuwepo, nusu haikuwepo. Nikashindwa kunyamaza: "Mzee, si umwachie tu, kwani hawa wengine hawakulipi vya kutosha?"

Akanijibu bila kuinua kichwa. "Nikimwachia mama, Jumamosi ijayo ataona aibu kupita hapa. Ataenda kwa mtu atakayemkazia spoki kwa plaisi." Akachukua ngege wawili badala ya iliyobaki, hesabu ikaisha, wakapeana mkono.

Bwana wa benki naye akanunua watatu, na akalalia bei mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Viatu vyake vya kuendeshea, hivi vinavyonasa kwenye pedali, nilishaambiwa bei yake. Sitaiandika, isije mwalimu wa mwanangu akaisoma akanikumbusha karo. Hapo nikajisemea jibu langu ni hilo, nimemaliza. Lakini nilipotaka kulipa chai yangu mama wa chapati akakataa, akasema ya benchi lote hulipwa na yule yule, kila Jumamosi, hata ya wanaoleta baiskeli za kazi. Sasa mtu kama huyo utamweka wapi? Mimi bado sijajua.

Jumapili nitaipita haraka. Walitoka saa kumi na mbili na nusu kushuka Lumino hadi Majanji, lami ni nzuri siku hizi. Niliwafuata kwa pikipiki, nikatumia pesa ya mboga ya siku mbili. Walikuwa 14, mwanamke mmoja tu, muuguzi, na wawili kati yao walikuwa juu ya Black Mamba, vijana wanaouza maji mjini. Wa mbele walifika Lumino mapema wakasimama kuwangoja hao wawili, na wakangoja kweli, si ile ya kusimama na kuondoka mwenzio anapofika akihema. Hilo sikulitegemea. Mwanangu, kwenye baiskeli ya kuazima, alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Kwenye kilima kimoja nilimwona bwana wa benki amemwekea kiganja mgongoni, kile chenye jeraha, anamsukuma huku naye akipiga pedali. Majanji tulikula samaki. Nilitazama ziwa. Sikumbuki lini nilienda mahali bila kupeleka au kuchukua kitu.

Kwa hiyo mhariri, bado nasema ndiyo, ni mchezo wa wenye pesa. Kofia ile, viatu vile, tairi lile ambalo halikai kwenye rimu ya Black Mamba ingawa yote mawili watu huyaita ya inchi 28 (rimu ya moja ni milimita 622 na ya nyingine 635, fundi alinionyesha maandishi ubavuni mwa matairi), hayo yote mtoto wa muuza maji hayapati. Ila nimejibu kuhusu klabu, na nadhani swali langu mimi lilikuwa duka. Duka si la wenye pesa. Duka linakula pesa zao za Jumapili ili spoki za Jumatatu ziwepo. Au pengine nimekaa siku moja tu nikapendezwa. Mwulizeni mchuuzi mwingine, labda yeye aliambiwa arudi kesho.

Kijana nimemruhusu. Masharti ni mawili: barabara ya Majanji tu, kwa sababu ile ya kwenda Tororo na ile ya Bugiri ni za malori na siwezi kulala, na Jumamosi akae kwa fundi afanye kazi kabla ya Jumapili kucheza. Sharti la pili alilipokea upesi mno, nikaona nimeshindwa.

Baiskeli ya baba ipo kijijini, imetundikwa jikoni kwa mama, imeliwa na moshi. Nilimpigia fundi picha yake. Akasema fremu ni nzima, spoki anazo, tairi la zamani atalitafuta upande wa Kenya, nilete amana. Mwanangu haitaki, anasema ni nzito. Mimi mwenyewe nilikaa juu ya keria yake utoto wote na sikuwahi kushika usukani hata mara moja, si kwamba nilikatazwa, hakuna aliyenipa. Amana sijalipa bado. Huenda nikaiuza.

Mama wa kibanda, Busia