Kiu haiharibu jeni

SWALI: Nimesoma kwamba mmea ukikosa maji huchanua mapema ili uwahi kutoa mbegu. Mahindi yangu yalikaukiwa wiki mbili kabla ya kuchanua, lakini ndevu zikachelewa na magunzi yamejaa mapengo. Muuzaji mmoja anasema ukame umeharibu jeni, naye ana dawa ya kuzirekebisha. Niinunue?

JIBU: Usinunue. Hadithi ya jeni kuharibiwa na jua naisikia kila msimu, na kila mara nyuma yake kuna chupa inayouzwa.

Jeni za mahindi yako ziko vilevile kama siku ulipopanda. Kinachobadilika ni utendaji wake: mmea ukihisi kiu, homoni ya asidi ya absisiki huongezeka, stomata, yaani vitundu vidogo vya majani, hufunga, na jeni nyingi huamshwa au kunyamazishwa kwa muda. Maji yakirudi, nyingi hurejea zilivyokuwa.

Kuchanua mapema kwa sababu ya kiu kupo kweli. Kumechunguzwa sana katika arabidopsisi, mmea mdogo wa jamii ya haradali. Humo, absisiki pamoja na jeni ya GIGANTEA huchochea jeni ya FT. Protini yake husafiri kutoka majani hadi kwenye ncha ya shina, na ncha huacha kutoa majani, ikaanza maua. Ila hutokea siku zikiwa ndefu. Siku zikiwa fupi, mmea huohuo, kwa kiu hiyohiyo, huchelewa! Mpunga nao mara nyingi huchelewa: jeni ya Ehd1 hupungua nguvu, na Hd3a na RFT1, ambazo ni ndugu za FT, hufuata. Anayekwambia "ukame huwahisha maua" muulize: mmea gani, na siku za urefu gani?

Kwako wewe hata uamuzi wa kuchanua haukuguswa. Ulishapita zamani kabla jua halijakaza. Mbelewele ilimwaga chavua karibu na wakati wake. Ndevu ndizo zilizokwama, maana hurefuka kwa maji, na zilipojitokeza chavua ilikuwa imekwisha. Hata ovari, yaani sehemu za gunzi zinazogeuka punje, zilizopata chavua huenda zilikosa sukari, kwa kuwa kiu hupunguza kazi ya jeni za vimeng'enya vinavyoivunja hapo. Wazalishaji wa mbegu huhesabu siku kati ya chavua na ndevu, kisha huchagua mimea yenye pengo fupi, kizazi baada ya kizazi. Hiyo ni kazi ya miaka, haifanywi kwa bomba la kunyunyizia.

Wapo pia wanaohubiri kunyima mimea maji makusudi ili ichanue. Mbinu hiyo wameiokota kwa wakulima wa michungwa na milimau, ambako hufanya kazi ikipimwa vizuri, wakaibandika kwenye kila zao, hadi maharagwe, ambayo yakikaukiwa hupukutisha maua. Fedha ya chupa itie kwenye maji, uyaelekeze wiki mbili kabla ya ndevu kutoka na mbili baada yake.