Draiva Ikiganda, Uliza Kwanza Nani Anamsubiri Nani

Kwa miaka kadhaa vijana wanaojifunza uprogramu hapa Mwanza wamekuwa wakinijia na maswali kuhusu undani wa MINIX 3, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ulioanzishwa na Andrew Tanenbaum, na wengi wao huanza na lile lisilowafikisha mbali: kati ya Tanenbaum na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, waliobishana hadharani mwaka 1992 kuhusu muundo wa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, nani alikuwa sahihi? Huwa ninajibu kwamba Linux imeenea kila mahali, kwamba QNX, ambayo kama MINIX 3 ni maikrokerneli, yaani kerneli ndogo inayoziachia programu za nje kazi nyingi, inafanya kazi ndani ya magari mengi, na kwamba hakuna hata moja kati ya hayo litakalomsaidia mtu ambaye draiva yake, yaani programu inayoendesha kifaa kama diski, imeganda. Swali la draiva iliyoganda ndilo ninalopenda kuulizwa, ingawa nalo huja likiwa limeelekezwa pasipostahili, kwa sababu muulizaji huanza kwa kuituhumu kerneli.

Kerneli ya MINIX 3 haijui hata faili ni nini. Programu ikitaka kusoma faili, maktaba yake huandaa ujumbe na kuutuma kwa VFS, seva inayopokea maombi ya faili, ambayo ni mchakato (programu inayoendeshwa) wa kawaida usio na mamlaka ya kerneli. VFS huuliza seva ya mfumo wa faili unaohusika. Seva hiyo, ikiwa haina kipande kinachotakiwa katika akiba yake, huiagiza draiva ya diski. Na diski inapomaliza kazi, kerneli huugeuza ukatizaji wa maunzi, yaani ishara ya kifaa, kuwa taarifa inayopelekwa kwa draiva. Data yenyewe haisafiri ndani ya ujumbe, maana ujumbe ni mdogo na ukubwa wake haubadiliki. Mwenye kumbukumbu hutoa kibali cha eneo fulani, na kerneli hunakili baada ya kukikagua. Kwa hiyo msomaji aliyezoea Linux, ambako kazi yote hiyo hufanyika ndani ya kerneli moja, hana budi kuacha kutafuta hitilafu katika kazi moja ndefu na kuanza kufuatilia ujumbe unapita kwa nani.

Mimi ninaishi Kirumba, karibu na soko la Mwaloni, na nilielewa utumaji wa ujumbe kwa kuwatazama wapakuaji wa dagaa. Aliyebeba gunia kichwani hana pa kulitua mpaka mwenzake aliye juu ya lori anyooshe mikono, na mpaka hapo husimama palepale alipo. Wito wa send, yaani wa kutuma ujumbe, katika MINIX ndivyo ulivyo, kwa kuwa hakuna ghala la kati la kuhifadhi ujumbe, na mtumaji husimama hadi mpokeaji awe tayari. Wabebaji wawili wakikabiliana, kila mmoja akitaka mwenzake apokee gunia lake, hawatoki. Kerneli huliona duara la namna hiyo na kumrudishia aliyelikamilisha kosa la ELOCKED, jambo ambalo kwa kweli ni bahati, kwa sababu angalau unaambiwa.

Kosa lililonifundisha zaidi ni lile ambalo sikuambiwa. Niliandika seva mbili za mazoezi, moja ya kutunza bei za samaki na nyingine ya kukokotoa jumla. Ya kwanza iliomba hesabu kwa sendrec, yaani kutuma na kusubiri jibu kutoka kwa huyohuyo. Ya pili, ikiwa katikati ya hesabu, ikagundua kwamba inahitaji bei moja zaidi, nayo ikaiuliza ya kwanza kwa sendrec. Nilitegemea zigande. Hazikuganda. Seva ya kwanza ilikuwa inasubiri ujumbe wowote kutoka kwa ya pili, hivyo ikalipokea swali ikidhani ni jibu na kuendelea na kazi. Ilipotuma ombi lake lililofuata, ya pili ikalichukua ombi hilo kuwa ndiyo bei iliyoiomba, ikamaliza hesabu ya zamani, na jibu lake likatua kama jibu la ombi jipya. Kila kitu kilionekana kizima, isipokuwa sangara alikuwa anauzwa kwa bei ya dagaa, nami nikapoteza siku mbili nikiikagua kompaila.

Tangu hapo ninawashauri vijana wachore ngazi kabla ya kuandika msimbo. Maombi yashuke tu, kutoka kwa seva ya juu kwenda kwa draiva ya chini, na aliye chini asimtumie aliye juu ombi la kusubiri jibu. Akiwa na habari ya kumpa, atumie notify, ambayo haimzuii mtumaji. Hapa pia pana mtego: taarifa ya notify inayosubiri huwekwa kama alama ya biti moja kwa kila mtumaji, kwa hiyo taarifa tatu zilizotumwa kabla mpokeaji hajaamka humfikia kama moja. Anayehesabu taarifa ili ajue kazi ni ngapi atakosea. Inampasa kila anapoamshwa akague kazi zote zilizopo.

Kuhusu kosa la ECALLDENIED, yaani wito kukataliwa, sina mengi, kwani mara nyingi umesahau kuiandikia huduma yako ruhusa katika faili la mipangilio la system.conf.

Kabla ya kumwuliza mtu yeyote, bonyeza kitufe cha F1 na usome jedwali la michakato, ambalo huonyesha kila mchakato uliosimama unamsubiri nani. Kumbuka pia kwamba draiva ikifa, seva ya RS, inayosimamia huduma zote, huifufua, lakini anwani yake ya kupokelea ujumbe huwa mpya, na anayetumia ile ya zamani hupata kosa la EDEADSRCDST, yaani anayetafutwa hayupo tena. Hivyo usiihifadhi anwani milele, bali itafute upya kwa jina kupitia seva ya DS, inayotunza majina ya huduma na anwani zake. Kijana mmoja wa Nyakato aliniletea juzi picha ya kioo cha kompyuta aliyoipiga kwa simu, seva yake ikiwa imejaza kumbukumbu za makosa kwa msimbo huohuo mmoja, na anwani aliyokuwa akiing'ang'ania haikuwemo tena katika jedwali la F1. Tulirekebisha mistari minne kabla chai haijapoa.