Baba mkwe na penseli yake uwanjani

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi nimeoa Marekani, sasa kila majira ya machipuko msimu wa besiboli ukifunguliwa baba mkwe anatubeba mimi na mwanangu wa miaka 8 hadi uwanjani. Wao wawili wanainamia kikaratasi na penseli wanaandika sijui 6-4-3, sijui K, mara hiyo K wanaigeuza, wanacheka, mi nipo tu natafuna karanga. Mtoto wangu mwenyewe ananiona mshamba. Nifanyeje?
Mkwe wa Pembeni

JIBU: Pole bana, ila hapo ulipo unakaribia kuelewa kuliko unavyodhani. Hicho kikaratasi ni cha kurekodi kila tukio la mechi. Besiboli ina wachezaji 9 wanaolinda uwanja na kila nafasi ina namba yake, sio ile ya mgongoni kwenye jezi. Mrushaji ni 1, mdakaji nyuma ya mpigaji ni 2, wa besi ya kwanza (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji) 3, wa pili 4, wa tatu 5, na yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu ndo 6, halafu watatu wa kule mbali ni 7, 8 na 9. Kwa hiyo 6-4-3 maana yake namba 6 kaokota mpira akamrushia 4, naye akamrushia 3, wapinzani wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. Hapo ndo babu na mjukuu wanachekaga.

K ni mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mara tatu. Aliyeianzisha ni Henry Chadwick, mwandishi wa habari wa karne ya 19 mzaliwa wa Uingereza (ndio, mwingereza, mgeni kama wewe), herufi S alishaitumia kwingine akachukua ya mwisho ya neno la Kiingereza struck. Ikigeuzwa ujue jamaa kasimama anaangalia mpira wa mwisho unapita hata fimbo hakuzungusha, aibu tupu.

Mchezo wenyewe ni wa polepole sikatai, japo toka 2023 wameweka saa ya kumbana mrushaji na mechi imeshuka toka kama masaa 3 hadi 2 na dakika 40 hivi. Ila huo upole ndo nafasi ya babu kuongea, mpira wa miguu ungempa muda gani? Lazima ameshamsimulia mtoto habari ya kina Ken Griffey, wachezaji baba na mwana wenye jina moja, baba miaka 40 mtoto 20, timu moja Seattle Mariners mwaka 1990, tarehe 14 mwezi wa 9 baba akapiga mpira ukavuka uzio, mtoto akafuata papo hapo naye akauvusha.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, la kwako ni penseli. Ila usimuombe mzee akufundishe, muombe mwanao, mbele ya babu yake, halafu kosea kidogo akurekebishe. Na uvae koti, mwisho wa mwezi wa 3 huko baridi bado ipo.

Halafu siku moja mkiwa nyumbani muulize baba mkwe kama ametunza karatasi za zamani, wengi hawatupi. Ukikuta mwandiko wa kitoto umepindapinda, K zimeangalia kila upande, kamuonyeshe mkeo.